Krimu Aliyopaka Mama Kwenda Getini

Wewe uliyeshika kopo, unayesoma maandishi yake kwa jicho moja huku jicho la pili likitazama kioo, nipe sikio lako kidogo. Sitakunyang'anya kopo lako. Wala sitakuambia kwamba kutamani uso laini ni dhambi au ni ujinga. Mimi mwenyewe leo asubuhi nimepaka losheni, nikajigeuza kushoto na kulia, nikaangalia ile mistari iliyojichora pembeni mwa macho kama nyayo za kuku kwenye tope. Tuko pamoja. Nataka tu kukueleza vitu hivi polepole, kimoja baada ya kingine, jinsi ninavyowaeleza akina mama wa kwaya wanaonifuata baada ya ibada na vichupa vyao ndani ya mikoba.

Lakini kwanza nikueleze habari za mama yangu, kwa sababu mambo ya krimu nilianza kuyajua kwenye ngozi yake, na kila ninapotaka kueleza krimu bila kumtaja yeye, maneno hayatoki vizuri.

Tulikuwa tunakaa Kirumba, si mbali na soko la samaki la Mwaloni, mahali ambapo nguo hata ukizifua vipi zinabaki na harufu ya samaki. Mama alitoka pwani ya Mara, ng'ambo ya ziwa, akaolewa Mwanza, na baba alipofariki hakurudi kwao. Alikuwa na tanuri lake la udongo karibu na maji. Ananunua sangara, anampasua, anampanga juu ya wavu wa chuma, anawasha kuni chini, kisha anakaa hapo kutwa akigeuza vipande kwa mkono. Koleo alikuwa nalo, ila alisema koleo halijui samaki ameiva au bado. Moshi ulimpiga usoni miaka yote hiyo. Jua la ziwani nalo likampiga kutoka juu, na lilipogonga maji likampiga tena kutoka chini.

Kama unataka kujua ngozi inazeeka vipi, hapo tayari nimekueleza sehemu kubwa. Umri ni sehemu yake, ndiyo. Lakini jua na moshi huifanyia ngozi kazi ambayo umri peke yake ungeifanya taratibu sana. Mama hakuwa mzee. Alikuwa hajafika hata hamsini. Ila ukimwona pale tanurini na khanga kichwani, macho mekundu, paji la uso limejikunja, ungemwamkia bila kufikiri mara mbili.

Kisha vikaja viwanda vya minofu. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu ruksa, maduka yaliyokuwa matupu yakajaa hadi milangoni. Sisi tuliokua tukiogea majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, ghafla tukawa na sabuni za kuchagua rangi. Viwanda vilijengwa kandokando ya ziwa, magari yenye barafu yakawa yanasubiri mitumbwi kabla haijafunga kamba, na sangara wote wazuri wakaenda huko. Kwa akina mama wa matanuri ilibaki mifupa na vichwa, mapanki, vya kukaanga na kuuza kwa watu wasio na uwezo wa kununua mnofu. Tanuri la mama likapoa. Nakumbuka mvua ilipoliangukia na udongo ukaanza kumomonyoka, na hakulikandika tena.

Kwa hiyo akaenda getini.

Kila asubuhi mbele ya kiwanda kimojawapo wanawake walijipanga kwenye ukuta wakisubiri kibarua cha kusafisha na kupanga minofu. Msimamizi, kijana mmoja mwenye koti jeupe na viatu vya mpira, alitoka, akapita mbele yao akisema, "Mikono." Wote walinyoosha mikono mbele, viganja juu, kisha anasema "geuza," wanageuza. Anayemgusa bega anaingia. Wengine wanarudi nyumbani.

Nikueleze jambo hapa, maana bila hili hutaelewa yaliyofuata. Akina mama wale waliamini kwamba msimamizi anatafuta mikono ya kazi. Ndivyo walivyolelewa, nami ndivyo nilivyolelewa. Kwetu mkwe akija kutazama binti hutazama mikono kwanza, na kiganja kigumu ndicho kinachosifiwa. Kwa hiyo mama alinyoosha mikono yake kwa fahari: ilikuwa na makovu ya moto, sugu, na nyufa za vidole ambazo kiangazi zilifunguka hadi kuonekana nyekundu ndani. Alijua hakuna mwanamke pale ukutani mwenye mikono inayosema "mimi ni mfanyakazi" kama ile yake.

Kijana akafika mbele yake, akatazama, akainua macho hadi usoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo pumzika, mama yangu."

Akapita. Aliyefuata, binti ambaye bado anafanana na mwanafunzi, akaguswa bega.

Mama alikwenda kesho yake, na kesho yake tena. Kila siku shikamoo, kila siku pumzika. Wenzake wakaanza kumtania. "Bibi, wajukuu umewaachia nani?" alisema mmoja, na wengine wakacheka, na mama naye akacheka, kwa sababu usipocheka pale ukutani utafanya nini. Lakini aliporudi nyumbani alichukua kioo kile cha fremu ya plastiki, akakaa nacho mlangoni kwenye mwanga.

"Wale mabinti anawaambia 'mambo'," aliniambia. "Mimi ananiamkia. Mikono yangu wameiona. Kwa hiyo ni huu uso."

Nilikuwa kidato cha pili wakati huo. Nilimwambia yule kijana ana adabu tu, anamwamkia kila mwanamke anayelingana na mama yake. Mama alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto ambaye bado hajakutana na dunia. Kwake ile shikamoo ilikuwa mlango unaofungwa kwa heshima.

Rafiki yake mkubwa, mwenzake wa tangu shule huko Mara, ambaye zamani walikuwa wakikausha samaki matanuri jirani, alikuwa ameshahamia sokoni mjini, Nyamagana, na meza ya vipodozi. Walitaniana tangu usichana wao, wakiitana mke mwenza ingawa hawakuwahi kuchangia mume. Jumamosi moja mama alinichukua tukaenda kwake.

"Ehe, mke mwenza," alisema akimshika mama kidevu na kumgeuza kwenye mwanga kama anayechagua nyanya. "Huu uso umeufanyia nini? Mimi nilidhani ulikuwa unakausha samaki, kumbe ulikuwa unajikausha mwenyewe!"

"Nicheke leo, kesho unisaidie."

"Nakusaidia leo leo. Nitazame mimi. Mimi na wewe nani mkubwa?"

"Wewe. Uliniacha darasa moja."

"Sema kwa sauti watu wasikie! Mimi ndiye mkubwa. Jana konda kaniita mrembo."

Ni kweli uso wake uling'aa. Ulikuwa umejaa, umenyooka, mwekundu kidogo mashavuni. Vidole vyake, kwenye vifundo, vilibaki vyeusi, lakini siku ile nani aliangalia vidole.

Sasa tutazame ile meza pamoja, wewe na mimi, kwa macho ya leo. Nimeifikiria mara nyingi hata naweza kuipanga upya.

Mbele kabisa palikuwa na mafuta ya mgando, glisirini na losheni za kawaida. Hivi ni vya kulainisha. Vinazuia maji yasitoroke kwenye ngozi, na ngozi yenye maji hujaa kidogo, kwa hiyo vimistari vidogo hupungua kuonekana. Havirudishi miaka. Lakini vinaziba nyufa, vinaondoa ukavu, na havina ugomvi na mtu. Bibi yangu alitumia samli kwa kazi hiyohiyo. Ndivyo vilikuwa rahisi kuliko vyote mezani, na ndiyo maana hakuna aliyeviheshimu.

Nyuma yake palikuwa na vichupa vya kuchubua, vyenye tindikali za matunda au za maziwa. Hivi vinaondoa ile ngozi ya juu iliyokwisha kufa, ili iliyo chini ionekane. Kwa kiasi kidogo vinaweza kusaidia. Vikizidi vinaunguza, na ngozi iliyochubuliwa ukiipeleka juani bila kinga inarudi nyeusi kuliko mwanzo, kwa mabaka.

Krimu za vitamini A hazikuwepo pale, zilikuja kwetu baadaye. Kati ya vitu vya kupaka, hizo ni miongoni mwa vichache ambavyo kweli hupunguza mikunjo, ila kwa miezi mingi na kwa uvumilivu, zikianza kwa kukuwasha na kukukausha. Mwenye mimba asiziguse kabisa. Wala hapakuwa na losheni ya kukinga jua. Tulidhani hiyo ni ya wazungu wanaobabuka wakikaa ufukweni. Kumbe katika aina zote, hiyo pamoja na kofia pana ndiyo inayozuia uzee wa ngozi usije mapema. Mama angeihitaji miaka yote ile ya tanuri, na hakuna aliyejua kumwambia.

Kisha, pembeni, palikuwa na za kung'arisha, nyingine zenye haidrokwinoni, dawa inayofifisha rangi ya ngozi, nyingine sabuni zenye zebaki. Zebaki ni sumu, haina mjadala, inaingia mwilini na kuumiza figo. Watu waliziita za ujana kwa sababu tulishachanganya weupe na ujana, tukaona ni kitu kimoja.

Na chini ya meza, ndani ya boksi lisilo na maandishi, palikuwa na tyubu ndogondogo. Hizi hazikuwa vipodozi hata kidogo. Ni dawa, zenye sterodi, ambazo daktari humpa mtu mwenye ukurutu au mzio mkali, apake kidogo, sehemu ndogo, kwa muda mfupi. Zinazima wekundu na mwasho haraka, na ngozi inatulia, inang'aa. Ukipaka uso mzima siku nyingi unapendeza kwanza. Hapo ndipo ulipo mtego. Inakulipa mwanzoni.

Rafiki wa mama alikamua tyubu kadhaa ndani ya bakuli, akaongeza krimu ya kung'arisha, akaongeza losheni ya maziwa, akakoroga kwa mpini wa kijiko akiimba kwa mdomo uliofungwa. Mkorogo. Akaujaza kwenye kopo la zamani la kahawa.

"Asubuhi na jioni," alisema. "Na usipake uso peke yake, utakuwa na rangi mbili kama kuku wa kienyeji. Shingo, kifua, mikono, miguu, kote. Mimi ndivyo ninavyofanya."

Usimchukie. Nilimchukia kwa miaka mingi, na chuki hiyo haikunifikisha popote. Alimpa mama kitu alichokuwa anajipaka mwenyewe, na alimpa kwa upendo.

Ilifanya kazi. Huo ndio ukweli na lazima niuseme. Baada ya wiki chache paji la mama lilinyooka. Mashavu yakajaa. Wekundu wa macho ukapungua kwa sababu pia alikuwa ameachana na moshi. Siku moja alirudi kutoka kisimani kwa hatua za haraka, ndoo ikimwagika, akaitua mlangoni akacheka hadi akashika mbavu.

"Unajua kijana wa pale kwenye baiskeli kaniambia nini? Kaniambia, 'Mambo, dada!'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu 'poa'!" Akajifunika uso kwa khanga kwa aibu na furaha. "Mimi! Poa!"

Nilimwona mama yangu kama msichana siku ile, nikampenda kwa namna mpya. Hata leo nikikumbuka jinsi alivyolitamka lile neno, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake, moyo wangu unashindwa kuamua ucheke au ulie.

Kwa kuwa hakupenda kupoteza kitu, mkorogo uliobaki viganjani alikuwa akiusugua mikononi, juu na chini na katikati ya vidole, hadi uishe. Nyufa zikafunga. Sugu zikalainika.

Akaenda getini. Mikono. Geuza. Yule kijana akamgusa bega.

Alifanya kazi kule ndani msimu mzima, na nyumbani tulikula vizuri. Alirudi jioni amechoka, vidole vimejikunja kwa baridi ya barafu na maji ya dawa wanayotumia kusafishia, lakini anaimba. Kila asubuhi kabla ya kutoka alipaka mkorogo kwa makini mbele ya kile kioo cha plastiki, akiamini kwamba uso ule ndio kitambulisho chake. Kopo likiisha, anakwenda mjini kujaza.

Dalili za kwanza nilizoziona zilikuwa vimishipa vyembamba vyekundu mashavuni. Kisha michubuko. Akigusa kona ya meza tu, mkono unafanya doa jeusi. Ngozi ya nyuma ya kiganja ikawa nyembamba, inang'aa, ukiibana haina kitu, kama karatasi iliyolowa mafuta. Alichoka upesi. Mwenyewe alisema ni kazi. Leo ningekueleza kwamba sterodi ikizidi huila ngozi kutoka ndani, na ngozi iliyoliwa haishiki wala haiponi. Wakati ule nilijua tu kwamba mama anapendeza na anaumia, na sikujua kwamba mambo hayo mawili yanatoka kopo moja.

Siku moja mwiba wa sangara ulimchoma kwenye kiungo cha kidole gumba. Ni jeraha dogo ambalo zamani angelinyonya, akatema, akaendelea na kazi. Safari hii ngozi ilichanika kama kitambaa kikuukuu. Alifunga kwa kitambaa, kesho yake akaficha kidole ndani ya kiganja. Msimamizi akasema geuza, akaona.

"Leo pumzika, mama."

Ilikuwa likizo, shule zimefungwa. Kidonda kiliendelea kutoa maji, na mama, akiwa amesharudishwa nyumbani kwa siku kadhaa, aliniomba nifuatane naye getini kumwomba yule kijana. Alijipaka mkorogo mwingi kuliko kawaida. Tulisubiri hadi alipomaliza kuchagua watu.

"Mwanangu," mama alimwambia, "mimi si mzee. Nitazame. Nina nguvu kuliko hao mabinti wako wanaoogopa barafu."

Kijana alivua kofia yake. Alikuwa na haya. "Mama, nani kasema mzee?"

"Wewe! Tangu siku ya kwanza. Unaniamkia, unanirudisha. Unaniamkia, unanirudisha. Nikajitengeneza uso, ndipo ukanichukua."

Alimtazama mama, akanitazama mimi, akamtazama tena mama. "Uso?" alisema. "Mama yangu, mimi siangalii nyuso. Naangalia mikono. Mwenye kidonda au ufa haingii, samaki wanakwenda Ulaya, wakikuta uchafu mmoja tunafungiwa wote. Siku zile mikono yako ilikuwa na nyufa. Zilipopona nikakuingiza. Basi." Kisha akaongeza kwa upole, bila kujua anachofanya, "Hata mafuta ya mgando tu yangetosha. Wengi hapa ndiyo wanayopaka."

 Mama alitazama mikono yake, ile iliyokuwa fahari yake, akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena chini, kana kwamba kuna mtu amemwamuru. Tulirudi kwa miguu kando ya maji. Njiani aliniambia jambo moja tu: "Kumbe alikuwa ananiamkia kwa adabu."

Kopo lilikuwa limejaa karibu nusu. Alipofika nyumbani alikwenda nalo ufukweni, akakomba mkorogo wote kwa vidole, akaufukia mchangani, akaliosha kopo kwa majivu hadi likawa jeupe ndani. Aliacha siku hiyohiyo. Nilifurahi, na nadhani wewe pia ungefurahi. Mtu akiacha sumu, si ndiyo vizuri?

Nivumilie hapa, maana hapa ndipo ninapotaka unisikie kuliko mahali pengine pote.

Uso wake uliwaka. Ulivimba, ukawa mwekundu, ukatoka magamba na maji, hata upepo wa ziwani ulimuuma. Hakuweza kusogelea moto kukaanga mapanki. Alijifunika khanga hadi puani na kuniambia niwaambie watu ana tetekuwanga. Kidonda cha gumba kikapanda hadi kifundo cha mkono. Homa ikaja. Akaanza kutapika na kulegea, hawezi kukaa, anaongea kama aliye mbali. Majirani walisaidia tukampeleka hospitali.

Mimi niliambiwa nisubiri nje ya wodi. Muuguzi mmoja, mwanamke mtulivu, alinieleza baadaye yaliyosemwa ndani. Daktari alimuuliza mama, "Kuna dawa yoyote unatumia? Kuna kitu unapaka?" Mama akajibu, "Hapana, baba. Mafuta ya kawaida tu." Aliona aibu. Angemwambiaje kijana mwingine wa koti jeupe kwamba alitaka kuonekana msichana? Wakamtibu kidonda na homa, kwa bidii, na dawa walizompa zilikuwa sahihi kwa ugonjwa waliouona. Lakini presha ya damu iliendelea kushuka na hawakujua kwa nini.

Rafiki yake alipata habari kesho yake. Alikuja akikimbia kutoka sokoni, mkanda wa kuhifadhia chenji ukiwa bado kiunoni, na alikuwa na akili ya kufanya jambo moja ambalo nitamshukuru nalo hadi nife. Alikuja na tyubu. Alikuwa amezifunga kwenye kona ya khanga yake, akazimwaga mezani kwa daktari huku akilia, "Anapaka hizi. Mwili mzima. Mimi ndiye niliyempa."

Daktari alichukua tyubu moja, akaisoma, akaiweka chini taratibu. Akamwita muuguzi akaagiza sindano. Mama alichomwa. Lakini alikuwa ameshakwenda mbali mno, na mchana ule alifariki, rafiki yake ameshika miguu yake na mimi nimeshika ule mkono usio na kidonda.

Baadaye daktari alikaa nasi kwenye benchi, akatueleza kwa maneno ambayo nimeyatunza. Alisema juu ya figo kuna viungo viwili vidogo vinavyotengeneza sterodi ya mwili wenyewe, na ndiyo inayotushikilia tunapougua. Mtu akijipaka nyingi, mwili mzima, kwa muda mrefu, viungo vile huona kazi yao imefanywa na mwingine, vinalala. Akiacha ghafla, na maradhi yakaja siku hizohizo, mwili unaita na hakuna anayeitika. Mtu wa namna hiyo hupunguziwa kidogo kidogo, na akiugua hupewa ile dawa haraka. "Ningelijua jana," alisema. Hakumlaumu mtu. Alirudia tu, "Jana."

Siku ya mazishi kaka yake mama, aliyevuka ziwa kutoka Mara, alisoma wasifu wa marehemu kama ilivyo desturi yetu. Aliposoma mwaka wa kuzaliwa, watu chini ya turubai walianza kunong'ona wakipiga hesabu. Nikasikia mwanamke nyuma yangu akisema, "Kumbe alikuwa bado mdogo hivi?" Wengine wakaitikia, "Mdogo sana jamani. Bado mdogo." Nilitamani nisimame nimwinue mama kidogo tu asikie. Alitamani sana kusikia maneno hayo, na hapa kila mtu alikuwa anayasema, kwa dhati, bila kumtania.

Rafiki yake hakuweza kuacha mkorogo mara moja, na nafurahi hakuweza. Yule daktari alimpunguzia kwa miezi mingi. Alizeeka usoni haraka, akawa na mabaka, akawa ananiita mwanangu. Meza yake aliirudisha kwenye sabuni na mafuta ya mgando.

Kwa hiyo, wewe uliyenisikiliza hadi hapa: kama kopo lako ni la kulainisha, paka kwa amani. Kama ni la kukinga jua, paka kila asubuhi, hata siku ya mawingu. Kama lina zebaki, usipake tena hata mara moja. Kama limekorogwa na mtu, au limekupa uso mpya kwa wiki chache, na umelipaka kwa miezi, usilifukie na usiache ghafla peke yako. Kesho asubuhi nenda hospitali. Chukua kopo lenyewe, hata kama halina maandishi, hata kama limebaki ukoko tu, na ukifika mbele ya daktari mwekee mezani kabla hajakuuliza.